Diwani kasema atapeleka pensheni yangu barazani. Itasaidia?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni bwana afya, niko Halmashauri ya Jiji la Arusha. Niliajiriwa Oktoba 1996 katika halmashauri nyingine, nikahamia hapa baadaye. Natimiza miaka 60 Oktoba mwaka huu wa 2026. Taarifa yangu ya michango inaonyesha miezi 346 badala ya 360 ninayoihesabu mimi. Barua ya kupanda cheo niliipata Julai 2023, ila mshahara ulibadilika Machi 2025. Diwani wetu ananiambia nisiwe na wasiwasi, suala la kikokotoo atalipeleka barazani. Mdogo wangu aliye Marekani naye anasema huko baraza la mji linakaa kila wiki na ndilo linaloamua pensheni za watumishi wake. Hivi baraza letu lina uwezo huo? Na kama halina, niende wapi?

Jibu:

Ndugu yangu, barazani kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, hakiongezwi hata kwa shilingi moja. Usije ukakaa hadi Oktoba ukimsubiri mheshimiwa diwani alete habari ambayo hana pa kuitoa. Lakini usimwache pia, kwa sababu katika barua yako kuna mambo mengine ambayo halmashauri inayamudu kabisa, na wewe umeyataja kwa kupita tu huku kikokotoo ukikipa uzito wote. Mimi ningeyageuza: miezi 14 iliyopotea na cheo kilichochelewa ndiyo ningeanza nayo.

Nianze na mdogo wako, maana hajakudanganya. Marekani miji mingi ina mifuko yake ya pensheni, na mabaraza ya miji kadhaa mikubwa hukutana karibu kila wiki. Huko mji ukiyumba kifedha, mstaafu anayumba nao. Detroit ilitangaza kufilisika Julai 2013, na katika mpango uliokubaliwa na mahakama mwaka uliofuata wastaafu wa kawaida wa mji ule walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni yao, na nyongeza ya kila mwaka ikafutwa. Kwa hiyo wanapoona pensheni kwenye ajenda ya baraza, wana sababu ya kwenda kusikiliza. Kwetu mambo yamepangwa tofauti. Michango yako iko PSSSF, mfuko wa taifa, na makusanyo ya Soko la Kilombero yakipanda au yakishuka, pensheni yako haitikisiki.

Hapo zamani kidogo halmashauri zilikuwa karibu zaidi na jambo hili. Wewe ulipoajiriwa ulikuwa LAPF, mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, ambao kwanza ulikuwa mfuko wa akiba tu kabla sheria ya 2006 haijaufanya wa pensheni. Kisha ikaja Sheria Namba 2 ya 2018. LAPF na mifuko mingine ya hifadhi ya jamii, yaani PSPF, GEPF na PPF, ikaunganishwa, na tangu Agosti 2018 watumishi wa umma wote tuko PSSSF. Kanuni za kikokotoo zinatungwa na waziri mwenye dhamana chini ya sheria hiyo. Baraza la Madiwani likipitisha azimio la kikokotoo leo, litabaki kwenye kumbukumbu za kikao kama maoni mazuri ya waheshimiwa.

Nguvu iliyokigeuza kikokotoo kila mara imetoka kwingine, na wewe umeishi nayo. Kanuni za 2018 ziliposhusha mkupuo, yaani fedha unazolipwa kwa mara moja ukistaafu, hadi asilimia 25, kelele za wafanyakazi zilimfikia Rais Magufuli, na tarehe 28 Desemba mwaka huohuo akasimamisha, wastaafu wakarudi kwenye hesabu za zamani. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mei Mosi ya 2024 kitaifa ilifanyika hapahapa Arusha, na kikokotoo kikawa wimbo wa siku ile. Mwezi uliofuata, katika hotuba ya bajeti, ikatangazwa kwamba waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani, yaani sisi wa LAPF na PSPF, mkupuo wetu unapanda hadi 40. Wale wa asilimia 25 wakapewa 35. Ukitaka kusukuma kikokotoo, basi, mlango ni TALGWU, chama chako cha watumishi wa serikali za mitaa, TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mbunge. Diwani atakupigia makofi tu.

Sasa hesabu. Nakuwekea wazi kwa sababu watu wengi wanabishana kuhusu asilimia 40 bila kujua ni asilimia 40 ya nini.

Unachukua wastani wa mishahara yako bora ya miaka 3 ndani ya miaka 10 ya mwisho, unaufanya wa mwaka, unazidisha kwa miezi uliyochangia, unagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo ni asilimia 40 ya pensheni hiyo mara 12.5. Asilimia 60 inayobaki unaigawa kwa 12, ndiyo pensheni ya kila mwezi. Kwa anayeangukia kwenye 40, kuna njia ya mkato: mkupuo ni pensheni kamili ya mwaka mara 5, na pensheni ya mwezi ni asilimia 5 ya kiasi hichohicho. Unaweza kuipiga kichwani ukiwa ndani ya daladala.

Tuseme wastani wako ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na miezi 360 imetimia. Unapata 7,448,276. Mkupuo ni 37,241,379, na kila mwezi 372,414. Kwa asilimia 33 ungechukua mkupuo wa 30,724,138 na 415,862 kila mwezi. Kwa mtindo wa zamani wa LAPF, uliogawa kwa 540, ukazidisha kwa 15.5 na kukupa nusu nzima, mkupuo ungekuwa 62,000,000 na pensheni ya mwezi 333,333. Tofauti ya mkupuo ni kubwa, hakuna anayekataa, na ndiyo maana watu wanalia. Ila angalia kwamba mkupuo wa zamani ulikuwa mkubwa na pensheni ya mwezi ndogo. Kuna mstaafu atakayeishi miaka 25 baada ya kustaafu, na kwake mstari wa mwezi una maneno mengi kuliko ule wa mkupuo. Najua mtu mwenye nyumba isiyoezekwa Muriet hataki kusikia hili.

Turudi kwenye miezi yako 14.

Miezi 14 kwa wastani huohuo inakupunguzia mkupuo kwa shilingi 1,448,276, na pensheni ya mwezi kwa 14,483. Hii ya pili ndiyo inayouma, kwa sababu inakatwa kila mwezi hadi siku unapoondoka duniani. Kwa mwaka ni kama 173,800. Hizi si fedha za kusubiri azimio la mtu. Ni zako, na zinaweza kurudi kabla ya Oktoba.

Kwanza ujue miezi hiyo ni ipi. Chukua taarifa ya michango, ile ya mwezi kwa mwezi, na si ile yenye jumla tu. Unaweza kuitoa kwenye mfumo wa mfuko kwa simu au kuchapishiwa ofisi ya PSSSF mkoani. Pitisha kalamu mstari kwa mstari. Kwa uzoefu wangu matundu huwa sehemu tatu: mwanzoni kabisa mwa ajira, kipindi cha uhamisho, na kipindi ambacho mtumishi alikuwa analipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya Hazina. Wewe umehama, kwa hiyo ningetazama hapo kwanza. Mara nyingi huku walishakufuta, kule hawajakupokea, na mishahara ikaja kulipwa baadaye kwa mkupuo bila michango yake kupangwa kwenye miezi husika.

Ukishaijua miezi, tafuta hati za mishahara za miezi hiyohiyo. Hapa ndipo wale waliokuwa wakizitunza kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro wanapocheka. Kama hati inaonyesha makato ya mfuko na taarifa ya PSSSF haionyeshi kitu, kesi yako ni nyepesi: mwajiri alikata, hakuwasilisha. Deni ni la halmashauri iliyokukata, hata kama ulishahama, na mfuko una mamlaka ya kisheria ya kulidai pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Kama hati hazipo, omba nakala ya orodha ya malipo kwa mweka hazina wa halmashauri ile. Makaratasi ya miaka ya tisini yako kwenye maboksi stoo, si kwenye kompyuta, kwa hiyo nenda mwenyewe, na uende mapema. Barua peke yake itakaa mezani.

Na kama itabainika kwamba kwenye miezi hiyo hukukatwa kabisa, mathalani ulikuwa kibarua na barua ya ajira ya kudumu ikaja baadaye, basi miezi hiyo haihesabiki, na wewe ulikuwa unahesabu tangu siku ya kwanza uliyoshika kitabu cha ukaguzi wa mabucha. Soma upya tarehe kwenye barua yako ya ajira ya kwanza kabla hujaanza kumshika mtu shati.

Jambo la cheo linahitaji macho zaidi. Kwa kuwa wastani unachukuliwa kwenye miaka 3 bora, na miaka yako 3 bora ni hii ya mwisho, kila mwezi uliokaa na mshahara wa zamani baada ya kupanda cheo unaingia kwenye hesabu na kuuvuta wastani chini. Kuanzia Oktoba 2023 hadi Septemba 2026 ni miezi 36. Mshahara mpya umeupata miezi 19 tu kati ya hiyo, 17 iliyobaki ni ya mshahara wa zamani. Kama tofauti ya mishahara ni 150,000, wastani unashuka kwa karibu 70,833 kwa mwezi. Pitisha kwenye njia ya mkato: mkupuo unapungua kwa takriban 2,637,900 na pensheni ya mwezi kwa 26,379. Umeona? Cheo kilichochelewa kinakuumiza karibu mara mbili ya miezi 14 iliyopotea, na hukukiulizia hata swali.

Soma barua ya cheo, tafuta tarehe ya kuanza kutumika. Kama imeandikwa kuanzia Julai 2023, una malimbikizo ya mshahara. Afisa utumishi ndiye anayeyaingiza kwenye mfumo, yanahakikiwa Ofisi ya Rais, Utumishi, kisha Hazina inalipa. Mwambie waziwazi kwamba unastaafu Oktoba na unataka malimbikizo yalipwe pamoja na michango yake, kwa miezi husika. Ukilipwa fedha mkononi halafu mfuko usione chochote, utakuwa umefurahi siku moja tu. Na omba akuonyeshe kwenye skrini kwamba madai yako yameshaingizwa. Si kumdharau. Ofisi yake ina majina mamia.

Huku ukifanya hayo, faili lako la kustaafu liwe linatembea. Toa taarifa miezi sita kabla, wala usingoje kukumbushwa. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho, kibali cha kustaafu, kitambulisho cha NIDA, picha, taarifa za benki, hati ya mshahara ya karibuni. Majina yafanane herufi kwa herufi. Mtu aliyeajiriwa kama Elibariki na NIDA ikamwandika Elibarick anaweza kukaa miezi akihangaika na hati ya kiapo, wakati jambo lenyewe lingemalizwa miaka miwili kabla. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo ile uliyoitaja ulipoajiriwa, hata kama baadaye ulikumbuka nyingine. Madai yakifika PSSSF yakiwa kamili, mfuko una siku 60 za kulipa. Kumbuka neno kamili, kwa sababu wengi wanaolalamika kwamba wamecheleweshwa na mfuko, faili lao bado liko kwa mwajiri. Na akikupigia mtu akisema anatoka PSSSF na anaomba elfu hamsini ya kuharakisha, kata simu. Huduma hiyo hailipiwi.

Sasa baraza, kwa sababu umeuliza na kwa sababu lina kazi yake katika hili.

Kinachokaa kila wiki katika halmashauri zetu ni menejimenti, yaani Mkurugenzi na wakuu wake wa idara na vitengo. Huko ndiko barua yako ya malimbikizo inaweza kutajwa au kusahaulika. Madiwani hawamo. Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo Meya huiongoza, hukutana kila mwezi. Kamati nyingine na baraza zima hukutana kila robo mwaka. Baraza la robo mara nyingi huchukua siku mbili: siku ya kwanza ni taarifa za kata, ambapo utasikia makalavati, vyoo vya shule na taka za Unga Limited, siku ya pili ni taarifa za kamati. Wajumbe wanapewa makabrasha mazito kabla ya kikao. Ndani ya kabrasha la Kamati ya Fedha, katikati ya mapato na matumizi, tafuta jedwali la madeni ya halmashauri, na ndani yake madeni ya watumishi.

Jedwali hilo ndilo la diwani wako. Likizo ambazo hukulipwa, uhamisho, matibabu, na likija suala lako, gharama za kukusafirisha wewe, mwenza wako, watoto wanaokutegemea na mizigo yenu hadi nyumbani baada ya kustaafu. Hiyo ya nauli PSSSF haihusiki nayo hata kidogo, inalipwa na mwajiri. Nyumbani maana yake ni pale palipoandikwa kwenye faili lako. Kama faili linasema Same na wewe umejenga Olasiti, utalipwa ya Same. Mstaafu asiye na jina kwenye jedwali la madeni hana deni, hivyo ndivyo mweka hazina anavyosoma. Baada ya mwaka mmoja mkurugenzi anahamishwa, afisa utumishi anahamishwa, na wewe unaanza upya kujieleza getini.

Pia michango ya watumishi wanaolipwa kwa mapato ya ndani iko mikononi mwa halmashauri moja kwa moja. Hapo diwani ana meno, kwa sababu bajeti ya mapato ya ndani inapita mezani kwake, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akizitaja halmashauri zisizowasilisha michango kwa wakati. Watumishi wenzako wa mkataba wanaweza kumtumia kwa hilo kuliko wewe.

Usiudhike na diwani, lakini. Yeye mwenyewe hana pensheni ya udiwani, hupata kiinua mgongo muhula wa miaka mitano unapoisha, kwa hiyo hata akisimama kwa moyo wote kukusemea kikokotoo, anazungumzia chakula ambacho hajakionja.

Mikutano ya baraza ni ya wazi. Unaweza kwenda ukakaa eneo la wananchi, ila hutapewa nafasi ya kusema. Anayeuliza ni diwani. Maswali ya papo kwa papo hujibiwa juujuu, na jibu la kawaida ni kwamba halmashauri inaendelea kulifanyia kazi. Mwombe aulize kwa maandishi, awasilishe mapema kwa Mkurugenzi, ili jibu nalo liandikwe. Wala asitaje jina lako. Mwandikie maneno haya, ayabadilishe atakavyo:

"Je, ni watumishi wangapi wa Halmashauri wanaotarajia kustaafu kabla ya Juni 2027, wangapi kati yao wana malimbikizo ya mishahara au upungufu wa michango ya pensheni, na Halmashauri imetenga kiasi gani katika mwaka huu wa fedha kwa ajili ya gharama za kuwasafirisha hadi nyumbani kwao?"